Tarakilishi Iliyokataa Kulala

Najua wengi wenu mmeyasikia mambo haya nusunusu, wengine kwenye foleni ya githeri, wengine kule ziwani siku ya kufua. Leo nataka kuyasimulia yote, hata yale ambayo ningependa yabaki chini ya mchanga.

Wakati huo nilikuwa katibu wa Chama cha Kiswahili, tena ndimi niliyekuwa na ufunguo wa chumba cha tarakilishi. Chumba chenyewe mnakijua. Kina mashine moja iliyo nzima, nyingine mbili ni maiti zinazosubiri mazishi. Hiyo nzima ilitujia ikiwa imeshatumiwa na watu wengine, ni mzee wa miaka mingi, lakini mtu fulani alikuwa ameivisha programu endeshi mpya. Ilikuwa kama mzee wa kijiji aliyevalishwa suruali ya kijana.

Mashine hiyo ilikuwa na kasoro moja. Ukiiambia izime, kiwambo kilikuwa cheusi tii, ukadhani kazi imekwisha. Kumbe ukiinama ukasikiliza, feni bado yanguruma ndani, na kile kitaa cha mbele bado chawaka. Kwa nje imekufa, kwa ndani i hai. Sisi tulizoea. Tuliona ni kawaida yake, kama vile mbuzi mwenye pembe moja anavyozoeleka.

Sasa, mahali penye stima ya serikali jambo hilo lingekuwa dogo. Hapa kwetu Kataboi tulitegemea jua. Kule ng'ambo ya ziwa, upande wa kusini-mashariki karibu na Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya upepo inayoweza kutoa megawati 310. Ilianza kupeleka umeme katika gridi ya taifa mwaka 2018, na waya wake unakwenda zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Upepo huohuo hutujaza mchanga machoni kila asubuhi, lakini umeme wake unakwenda zake bara. Sisi tulikuwa na sola juu ya paa na betri mbili kuukuu ndani ya sanduku.

Mwalimu wetu wa Fizikia alitupigia hesabu ubaoni baadaye, nami nitaiandika hapa kwa kuwa ndiyo iliyonifungua macho. Darasa la masomo ya usiku lilikuwa na balbu nane za wati 9, jumla wati 72. Saa tatu za usiku na saa moja na nusu ya alfajiri, hizo ni kama wati-saa 324. Betri zetu mbili, kila moja ya volti 12 na ampea-saa 100, zilipokuwa mpya zingebeba wati-saa 2,400, na betri za aina hiyo hazitakiwi kukamuliwa zaidi ya nusu. Kwa uzee wao, Mwalimu alikadiria tulikuwa tunapata kama 600 tu. Taa zilitosha, na baki ikabaki. Lakini tarakilishi iliyojifanya imelala ilikula kama wati-saa 60 kila saa. Kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa 11, yaani wati-saa 660. Peke yake iliweza kuzimaliza betri zote kabla hata hujawasha balbu moja!

Basi ikawa Jumanne moja, wiki ya mtihani wa majaribio wa Kidato cha Nne, tukaamka alfajiri kudurusu. Giza. Inveta ilikuwa imejikata usiku wa manane. Kidato cha Nne walitoka nje na madaftari yao wakijaribu kusoma kwa mwangaza wa nyota, wengine wakinitazama kwa macho ambayo sitayasahau.

Mwalimu aliniita. "Wewe mtoto, ulizima ama hukuzima?"

"Nilizima, Mwalimu. Haki ya Mungu nilizima."

"Sasa mbona feni inazunguka?"

Sikuwa na jibu. Niliambiwa kwamba taa zikikosekana tena, ufunguo utarudi ofisini. Nami, wapenzi wasomaji, niliupenda ule ufunguo. Ukiuvaa shingoni hata mabwana wakubwa wa Kidato cha Nne wanakuamkia.

Alhamisi jioni mwenzangu mmoja wa Kidato cha Pili ndiye aliyekuwa kwenye mashine. Alikuwa anapiga chapa vitendawili vya Kiturkana alivyovifasiri kwa Kiswahili, vitendawili 16, alivyokusanya kwa ata yake kule Kalokol katika likizo mbili. Vilikuwa vya jarida hili. Daftari alimoandikia kwanza lilikuwa limeliwa na mbuzi (msicheke, ni kweli), kwa hiyo alikuwa akivitoa kichwani kimoja baada ya kingine. Alipomaliza akahifadhi kazi yake, akaiambia mashine izime, akatia sahihi kwenye daftari la zamu, akaenda zake.

Mimi nilibaki kufunga chumba. Kiwambo cheusi, feni yanguruma. Pale mbele palikuwa na vitaa viwili: kimoja kimetulia, na kingine chekundu kinapepesa pepesa harakaharaka. Nikakumbuka Jumanne. Nikakumbuka ufunguo. Nikashika waya nikachomoa plagi ukutani, pap! Kimya. Nikafunga mlango nikaenda kula nikiwa na moyo mweupe.

Ijumaa faili halikufunguka. Lilikuwepo, jina lake lilikuwepo, lakini ndani hamkuwa na kitu ila alama za ajabu ajabu. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Daftari la zamu likafunguliwa, na jina la mwisho lilikuwa la yule mwenzangu. Mimi mwenye ufunguo sikuwa natia sahihi. Akaulizwa alifanya nini. Akasema alizima vizuri. Akaambiwa anadanganya, na akapigwa marufuku kuingia chumba kile kwa wiki mbili.

Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo. Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilijiambia kwamba sina hakika. Pengine ni virusi, pengine ni mchanga. Huo ulikuwa uongo niliojitungia mwenyewe, na niliulalia juu kama mkeka.

Wiki iliyofuata Mwalimu wa Fizikia aliamua kuitafutia mashine dawa, nami nikawa msaidizi. Kwanza tulishuku mchanga. Tukafungua ubavu wake, tukapuliza, tukapangusa kwa brashi ya rangi, tukatoa mchanga wa kutosha kupandia mtama. Tukaizima: feni yanguruma. Tukachomoa mashine ya kuchapia, maana kifaa kisichoitikia huweza kuizuia tarakilishi kulala. Bado. Tukatoa kila kilichochomekwa isipokuwa kicharazio na kipanya. Bado. Kila tuliposhindwa Mwalimu alibonyeza kitufe cha kuwashia akakishikilia kwa sekunde chache mpaka ikafa kwa lazima, huku akisikitika, kwa kuwa kuizima hivyo ni sawa na kumtoa mtu chakula mdomoni.

Mwalimu alitueleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Tarakilishi za kale zilikuwa na swichi ya kweli iliyokata umeme kwa mkono. Ndiyo maana Windows 95 ilipomaliza kazi zake iliandika tu kwenye kiwambo kwamba sasa unaweza kuzima salama, nawe ukaibonyeza swichi mwenyewe. Kuanzia mwaka 1995 ukaja muundo wa ATX, ambao uliiwezesha programu yenyewe kuuambia ugavi wa umeme ukate. Tangu hapo kitufe cha mbele hakikati kitu. Kinaomba tu. Na ombi huweza kukataliwa.

Dirisha la chumba lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Nje, mgongo wake ukiwa ukutani, alikuwa ameketi yule aliyepigwa marufuku. Kuingia alikatazwa, kusikiliza hakukatazwa. Mara tukasikia sauti:

"Samahani, Mwalimu. Kwani ukiiambia ijizime na kujiwasha tena, inakwama?"

Mwalimu akanyamaza. Hatukuwa tumejaribu. Tukajaribu: ikazimika barabara, ikajiwasha yenyewe, bila kukwama hata kidogo. Tukarudia mara tatu. Mwalimu akapiga meza. "Huyo mtoto ana akili, bwana!"

Maana yake ni hii. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kuna mpango wa kuwasha upesi. Ukizima kwa kawaida, mashine haisahau kila kitu. Huandika sehemu ya kumbukumbu zake kwenye diski, kisha hulala usingizi mzito ili kesho iamke haraka. Lakini ukiiambia ijiwashe upya, husahau yote na kuanza moja. Kwa hiyo njia ya kufa kabisa ilikuwa nzima, njia ya usingizi ndiyo iliyokwama. Mwili wa zamani haukuelewana na amri mpya. Mwalimu akashikilia kitufe cha Shift huku akiizima, jambo linaloilazimisha izime moja kwa moja. Feni ikatulia, kitaa kikazima. Jamani, kimya kile! Kisha akaingia kwenye mipangilio ya umeme, mahali pa kazi za kitufe cha kuwashia, akaondoa alama ya ule mpango. Kuwaka sasa inachukua karibu dakika mbili. Tunasubiri tukipiga soga.

Alipomaliza akanionyesha kile kitaa chekundu. "Hiki kikipepesa, diski inaandika. Hata kama kiwambo ni cheusi. Ukichomoa waya hapo, unaweza kuua faili ambalo mtu alishalihifadhi." Alisema hivyo tu, wala hakuwa ananishuku. Nilitazama dirishani. Mwenzangu alikuwa bado ameketi, nami niliona kisogo chake tu.

Nikasema, "Mwalimu, ni mimi niliyechomoa."

Nitapita haraka hapo. Niliuvua ufunguo kabla ya kuombwa. Adhabu niliipata, na nilisema maneno hayo tena mbele ya chama kizima, mkiwemo wengi wenu. Mwenzangu hakusema neno. Siku tatu hakuniitikia salamu.

Siku ya nne alikuja na karatasi, akasema tuketi tukumbuke, kwa sababu mimi ndimi niliyekuwa nikimsomea wakati mwingine ili arekebishe. Ata yake alikuwa amehama na mifugo kuelekea Lokitaung na simu yake haikupatikana. Tulikumbuka vitendawili 11. Mmesoma kurasa chache zilizopita, na kama mlijiuliza kwa nini ni 11 wala si 10 au 12, sasa mnajua.

Ufunguo anao yeye. Jioni nikiwa wa mwisho kwenye mashine huniuliza mlangoni, "Umezima?" Nami humwambia, "Njoo uguse mwenyewe." Huja, akaweka kiganja nyuma ya feni, akahesabu polepole mpaka kumi, ndipo hufunga.