Kigali kwa Miguu ya Watoto

Tuliondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri moja ya mwezi wa saba: mimi, binti yangu wa miaka tisa na mdogo wake wa kiume wa miaka sita. Baba yao alikuwa ametangulia. Alipata kazi Masaka, pembezoni mwa Kigali, kwenye bandari kavu ambako makontena yanayotoka bandari ya Dar es Salaam hushushwa. Kila alipopiga simu alinisisitizia jambo moja: "Njoo uchague mwenyewe pa kukaa, Mama Watoto. Nikichagua mimi, nitachagua kwa ajili ya kazi."

Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama. Watoto walilala, wakaamka, wakalala tena, na Tanzania ilikuwa bado haijaisha. Tulipofika Rusumo tulisikia maji ya Kagera yakianguka kabla hatujayaona. Upande wa Rwanda tulishuka, pasipoti zikagongwa mihuri, mizigo ikapekuliwa. Afisa mmoja alinyoosha kidole kwenye mfuko wa plastiki niliotilia chapati na mayai ya watoto. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008. Nilihamishia chakula kwenye kanga, nikaifunga fundo, safari ikaendelea.

Mambo mengine mawili yalibadilika pale mpakani. Simu yangu ilirudi nyuma saa nzima, na basi likahamia upande wa kulia wa barabara. Binti yangu ndiye aliyeliona hilo kwanza. "Mama, dereva amekosea njia," aliniambia huku amenishika mkono. Nilimweleza kuwa huku ndiyo desturi yao, na mawazo yangu yakaruka moja kwa moja kwenye miguu yake. Mtoto aliyefundishwa Dar kutazama kulia kwanza kabla ya kuvuka, hapa gari la kwanza litamjia kutoka kushoto.

Tulikuwa na wiki tatu za kutafuta nyumba. Mwaka wa shule Rwanda huanza Septemba, na kabla ya kuandikisha mtoto shule nilitaka kujua atakuwa anatokea wapi. Tulianzia Masaka, karibu na kazi ya baba. Nyumba zilikuwa mpya, kodi nafuu, na ua wa kuchezea mpana. Lakini mtaa ulikuwa bado unajengwa, na shule tuliyoelekezwa ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, ile ile inayopitisha malori ya Rusumo. Mume wangu alisimama kando ya barabara hiyo akitazama malori anayoyapokea kila siku yakipita kwa kasi, kisha akasema mwenyewe, "Hapana."

Siku iliyofuata dalali, ambaye huku huitwa komisiyoneri, alitupeleka kwenye nyumba ya bei ya chini bondeni, vyumba vitatu, maji ndani. Mama mmoja jirani alituona tunaipenda, akatuita pembeni. Alituonyesha matete yaliyoanzia hatua chache nyuma ya ukuta. Jiji limekuwa likiwahamisha watu kwenye ardhi oevu, kwa sababu ya mafuriko na ili kuyarudishia mabonde uhai wake, kama lilivyofanya Nyandungu, ambako sasa kuna bustani kubwa ya kutembelea. Dalali alikuwa hajatuambia lolote. Tangu siku hiyo, kila nyumba niliyoonyeshwa niliuliza kwanza mvua ya masika hupitia wapi.

Mtaa uliofuata, Kibagabaga, ulinivutia kweli. Barabara zimetandikwa mawe, miti imepangwa, hospitali ipo, na soko la Kimironko liko karibu, lenye parachichi kubwa na vitenge vya kila rangi. Tuliona nyumba nzuri ndani ya kipangu, yaani ua wenye ukuta na geti. Tulizunguka mtaa ule jioni nzima. Watu walikuwa na adabu, walitusalimia, tukajibu kwa maneno machache ya Kinyarwanda tuliyokuwa tumejifunza, mazungumzo yakaishia hapo. Mwanangu wa kiume aliniuliza, "Watoto wa huku wako wapi?" Walikuwapo, nilisikia sauti zao, kila mmoja nyuma ya geti lake. Nilijiona mchana, baba yupo Masaka, mtoto amepandwa na homa, nami sijui nigonge geti gani na niseme nini.

Siku ya tano tukaenda Nyamirambo. Tuliteremka Biryogo, kwenye mtaa uliopakwa rangi na kufungwa magari yasipite, meza zimetoka hadi katikati ya njia. Tuliagiza chai ya maziwa yenye tangawizi na chapati. Mama mtu mzima aliyekuwa akituhudumia alisikia ninavyowakanya watoto, akacheka kwa furaha: "Karibu mwanangu. Mmetoka Tanzania lini?" Sikujua kuwa nilikuwa nimebana pumzi kwa siku tano mpaka nilipoishusha.

Yeye ndiye aliyetueleza mtaa wao. Wafanyabiashara na askari Waislamu walioingia na ukoloni wa Wajerumani walileta Kiswahili, na msikiti wa Al-Fatah ukajengwa 1913. Baadaye Wabelgiji waliwatenga Waislamu kwenye kambi ya Waswahili hapo Biryogo. Lugha iliyobanwa pale ikaota mizizi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wapo Waislamu wa huku waliowaficha majirani zao majumbani na misikitini. Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, akatuongezea chai. Mwaka 2017 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda. Nyamirambo walikuwa wamekizungumza muda mrefu kabla ya sheria.

Nilimweleza hofu yangu, kwamba watoto wakikaa na Waswahili hawatajifunza Kinyarwanda, na shuleni watakuta Kiingereza tangu darasa la kwanza. "Mwanangu," alisema, "huku watoto wanacheza kwa Kinyarwanda na kuomba chakula kwa Kiswahili. Lugha anaipata aliye na mtu wa kumsubiri amalize sentensi."

Kabla ya kulipa kodi tulifanya jaribio moja. Pikipiki za Kigali hubeba abiria mmoja tu, naye sharti avae kofia ngumu. Mishikaki tuliyoizoea Dar, abiria wawili au zaidi juu ya pikipiki moja, haipo. Mama wa watoto wawili hapa anategemea basi au miguu. Basi tukatembea kutoka kwenye nyumba tuliyoipenda hadi shuleni, saa ile ile ambayo watoto wangetembea, kwa kuwa masomo huanza saa mbili na nusu. Kwenda ni mteremko na ngazi za mawe: dakika kumi na nane. Kurudi ni mlima: ishirini na tano, na mdogo akaketi mara mbili. Njiani tulihesabu maduka sita ambayo wenyewe walitoka kutuuliza tunakwenda wapi. Nilimtazama mume wangu. Alijua nimeshachagua, na alijua nani atakayelipa gharama yake.

Kila siku anaondoka gizani, anapanda mabasi mawili kuvuka mji mzima, anarudi taa zikiwa zimewashwa kwenye vilima vyote. Hajawahi kunung'unika. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane tulitoka kwa umuganda wetu wa kwanza, yaani kazi ya pamoja ya jamii. Kuanzia saa mbili hadi saa tano tulizibua mtaro pamoja na majirani, kisha tukakaa kwenye mkutano, na kiongozi wa umudugudu, yaani kijiji chetu cha mjini, akatuandika daftarini, wanne. Mchana ule nilimtuma mdogo maziwa peke yake kwa mara ya kwanza, mlango wa tatu kutoka kwetu. Alirudi na maziwa na mtoto wa jirani, wote wawili wanazungumza kwa pamoja, sikujua lugha gani.

Jumatatu ya kwanza ya shule niliwafuata kwa mbali, wasinione. Kwenye kivuko chenye mistari myeupe mdogo alisimama na, kwa mazoea, akageukia kulia. Dada yake alimshika kidevu taratibu, akamgeuza uso kushoto. Wakangoja gari lipite, wakavuka.