Usiliamini Jiwe Lililoisha

Mpwa wangu mpenzi,

 

Nilipokuja kwako Idd niliona mkebe wa biskuti dirishani: mawe ya tochi yaliyoisha, misumari, funguo, na zile betri bapa mfano wa sarafu. Mbele ya wageni sikusema neno. Sasa nasema, kwa kuwa mwanao, mjukuu wangu, ametimiza mwaka na nusu, na kila akiokotacho huishia kinywani.

Nianze na hizo bapa, ndizo zinazoninyima usingizi. Tazama mgongoni, imeandikwa CR2032: 20 ni upana kwa milimita, 32 ni unene, yaani milimita 3.2. Upana huo ndio balaa, maana hunasa kooni mwa mtoto mdogo. Ikishanasa, mate huunganisha pande zake mbili, umeme hupita, na pale ilipogusa nyama hutokea magadi makali yanayounguza. Muda wa saa 2 unatosha kumjeruhi vibaya. Na ile iliyoshindwa kuwasha rimoti bado ina nguvu ya kufanya hayo yote.

Ukishuku tu kwamba ameimeza, usingoje dalili. Huenda akatoa udenda, akakataa chakula, akakohoa kama mwenye mafua, au asionyeshe chochote. Usimtapishe wala usimlishe kitu, ila asali kama nitakavyokueleza. Mkimbize hospitali yenye eksirei, na utaje betri tangu mlangoni, kwani kwenye picha mtu huweza kuidhania sarafu, na sarafu haina haraka hiyo. Njiani, kwa kuwa ameshavuka mwaka, na ikiwa anameza vizuri, mpe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6. Hupunguza kuungua. Mtoto wa chini ya mwaka hapewi asali kabisa. Na kama asali haipo nyumbani, usiende dukani kuitafuta, nenda hospitali.

Ile rimoti ya redio uliyoifunga kwa mpira kwa sababu kifuniko kimepotea, iondoe nyumbani. Nunua yenye kifuniko cha skrubu.

Mawe ya tochi yana afadhali. Haya ya bei nafuu gamba lake ni zinki, na zinki hiyo ndiyo inayolika kila umeme unapotoka, kwa hiyo jiwe lililoisha gamba lake limekonda. Ndiyo maana huvuja likisahauliwa ndani ya redio. Kuyaanika juani, kama ulivyozoea, hukupa taarifa ya habari ya jioni moja, kisha yanatoa majimaji. Zamani watoto waliyapasua wapate ule unga mweusi wa kupaka ubao wa shule. Wako asifundishwe ufundi huo. Usichanganye mapya na makuukuu, usiyatie motoni yakapasuka, wala usiyatupe chooni. Ile betri ya mstatili ya volti 9 ina vichwa viwili upande mmoja, ikigusana na ufunguo mkebeni inaweza kuwasha moto. Bandika selotepu kwenye vichwa vyake, na kwenye zile bapa pande zote mbili, uziweke juu asikofika mtoto hadi utakapozipeleka kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Betri ya simu iliyofura usiichaji tena wala usiitoboe.

Sasa ile kubwa ya sola. Mumeo aliniambia amepata mtu wa skrapu atakayeinunua, bora kwanza amwage tindikali mtaroni. Hapana. Wewe umekulia huku Changamwe, mtaa wa Owino Uhuru unaujua. Pale kiwanda cha kuyeyusha madini ya risasi ya betri kuukuu kilipakana na nyumba za watu. Phyllis Omido alifanya kazi pale, na mwanawe mchanga akakutwa na risasi mwilini. Mama huyo hakunyamaza. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, rufaa ikautengua uamuzi huo, na Mahakama ya Juu ikaurudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo watoto walikuwa wakikua na risasi inayodhuru ubongo, na ubongo haulipwi fidia.

Betri yenu irudisheni nzima, imesimama wima, tindikali ikiwa ndani, kwenye duka mtakaponunua mpya, na muombe wawapunguzie bei. Mwambie mumeo anipigie kabla hajamwita huyo mtu wa skrapu.

Mjomba wako