Muda kwa Kijapani Maana Yake Upotevu

Leo nataka kuzungumza juu ya maziwa. Msikimbie, kompyuta itaingia hapo mbele.

Mama yangu anafuga ng'ombe wawili karibu na Runyenjes, kule Embu. Saa kumi na moja alfajiri anakamua, kisha anasimama kando ya barabara na mtungi wake akingoja gari la maziwa. Mimi mwanawe, na shahada yangu ya sayansi ya kompyuta, nilikuwa Meru mjini nikiandika programu ya kampuni ndogo inayokusanya maziwa kwa wakulima kama yeye. Jina la kampuni nitaliweka mfukoni.

Siku moja mkurugenzi alirudi kutoka semina na neno jipya. Kwa Kiingereza ni neno lile lile wanaloita nyama isiyo na mafuta. Mwaka 1988 mtafiti John Krafcik alilitumia kueleza jinsi Toyota ilivyotengeneza magari, na mwaka 1990 kitabu cha Womack, Jones na Roos kikalieneza duniani. Basi mimi nitauita usimamizi bila mafuta. Bosi alikuwa ameuelewa hivi: mafuta ni makarani. Akaniambia, "Si umeshaweka kila kitu kwa kompyuta? Nipe majina ya watano tunaoweza kuwaacha."

Nikaanza kuitengeneza hiyo ripoti. Nakiri, nilijivuna. Programu yangu inaokoa pesa!

Jioni nikasoma habari za Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota aliyeujenga mfumo wenyewe. Kumbe yeye hakuanza kwa kuhesabu watu. Alianza na upotevu, na Kijapani upotevu huitwa "muda". Ndiyo, muda! Aliugawa katika mafungu saba: kuzalisha kupita mahitaji, kungoja, kusafirisha bure, kufanya kazi isiyohitajika, kulimbikiza mali, kuhangaika huku na huku, na kutoa bidhaa mbovu. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichora duara sakafuni kwa chaki na kumsimamisha meneja ndani yake, atazame kazi mpaka aone.

Mimi sikuwa nimetazama chochote. Nikaomba kupanda lori la maziwa asubuhi moja.

Jamani! Mtungi wa kwanza tuliuchukua kabla jua halijachomoza. Mtungi huo huo ulifika kwenye tangi la baridi saa nne kasoro. Maziwa yanatakiwa yapozwe upesi hadi nyuzi 4, maana yakikaa na joto bakteria huzaana bila kupumzika. Lori letu lilizunguka, likangoja, kisha likapanga foleni langoni kwa sababu mpimaji alikuwa mmoja. Akachanganya maziwa kidogo na alkoholi, yakakatika. Yamechacha. Yalikuwa yameshamiminwa pamoja, kwa hiyo mtungi wa mtu mmoja uliwaponza majirani wote.

Halafu nikaona lililoniuma zaidi. Karani wa barabarani aliandika kilo kwenye daftari. Kituoni karani wa pili akazinakili kwenye daftari kubwa. Ofisini wa tatu akaziingiza kwenye programu yangu. Nilikuwa nimeongeza kuandika mara ya tatu, nikakuita maendeleo. Ripoti zilikuwa kumi na nne, na bosi alikuwa akifungua tatu tu.

Nilimuuliza yule karani wa daftari kubwa, mzee wa makamo, kama alijua kazi yake inarudiwa. Akacheka. "Kijana, nimejua tangu siku ya kwanza uliyoleta hiyo mashine. Lakini nikikuonyesha kwamba daftari hili halina kazi, mimi nitakula wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Karani hawezi kukuonyesha upotevu ikiwa upotevu huo ndio mshahara wake. Toyota wenyewe walipitia moto huo. Mwaka 1950 kampuni ilikaribia kufilisika, ukazuka mgomo mkali, wafanyakazi zaidi ya 1,500 wakaondoka, na mwanzilishi Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Baada ya hapo ulinzi wa ajira ukawa sehemu ya maelewano kati ya kampuni na wafanyakazi. Juu ya msingi huo ndipo watu walipokubali kutoa mawazo ya kuboresha kazi zao wenyewe.

Sikumpelekea bosi majina. Nilimpelekea saa: kutoka kwenye kiwele hadi kwenye tangi, dakika kwa dakika. Alinyamaza kidogo, kisha asubuhi iliyofuata akapanda lori mwenyewe. Aliporudi, viatu vimejaa matope, tulikubaliana hivi. Kilo ziandikwe mara moja tu, pale barabarani, kwa simu, na mkulima apate ujumbe papo hapo. Makarani waliobaki bila daftari wafundishwe kupima maziwa mtungi kwa mtungi kabla ya kumiminwa. Njia ya lori igawanywe mara mbili. Nami nikafuta ripoti kumi na moja. Hakuna programu niliyowahi kuandika iliyoleta faida kuliko ile niliyofuta.

Maziwa ya kumwagwa yalipungua, na wakulima waliokuwa wamehamia kwa wachuuzi wakaanza kurudi. Ukuaji wenyewe ndio huo: kuuza kile ulichokuwa ukimwaga. Lakini nisiwadanganye. Karani mmoja alikuwa ameshaachishwa kazi kabla ya asubuhi ile ya matope, na hakurudishwa. Nikikutana naye sokoni hunisalimia vizuri. Mimi ndiye ninayetazama chini.

Nilipoenda nyumbani Embu nilimuuliza mama gari lao hupita saa ngapi. Akaniangalia kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Mwanangu, gari huja likija."

Ndugu mkurugenzi unayesoma hapa, kabla ya semina nyingine, nenda ukasimame naye pale kando ya barabara. Ubebe saa.