Siku ya kufungua pori

Kwetu, upande wa Kasenga, vinkubala havikuwa chakula cha kuokota ovyo. Mtoto wa Lubumbashi anajua tu kopo la vinkubala vikavu kwenye soko, na bei yake. Hajui kama zamani shefu alikuwa anafunga pori na kulifungua.

Mvua inapoanza, mwezi wa 11, miti ya mutondo imekwisha kutoa majani mapya, na vinkubala vinayala. Wazee walikuwa wanatuma watu kuangalia mayai, kisha vile vidogo. Kama havijakomaa, hakuna mtu kugusa. Siku shefu anasema ndiyo, wote wanaingia, ba mama na vikapu mbele, na siku zinahesabiwa. Vinavyobaki vinashuka mti, vinajifukia udongoni, na msimu unaofuata vinatoka vipepeo vya usiku vya kutaga tena. Hata moto ulikuwa na wakati wake: nyasi zilichomwa mapema, mwezi wa 5 ama wa 6, sababu moto wa mwezi wa 9 unaunguza mti pamoja na majani machanga. Ngambo, kule Zambia, wachunguzi waliandika mwaka wa 2002 juu ya desturi iliyo karibu sawa na hii, kwa Kopa, wilaya ya Mpika. Niliposomea wanafunzi habari hiyo, walishangaa kama ba nkambo wao walifanya sayansi bila daftari.

Desturi iliuawa na makala. Mji unapika kwa makala, na mutondo unaolisha vinkubala ndio ule ule unaotoa makala mazuri. Wengine walifika hata kuangusha mti muzima kwa kukusanya ndoo moja tu.

Ni miaka michache shefu wetu aliirudisha. Aliita wakubwa wa jamaa, wakafunga kipande cha pori kilichobaki ngambo ya mto. Siku ya kufungua walimwaga munkoyo kwenye shina la mutondo, ngoma ikapigwa, na vinkubala vya kwanza vikaliwa na wazee, na bukari. Ba pastori wawili walikataa kuja. Wa tatu alikuja, na alikula vizuri.

Lakini siku ile kijana mmoja niliyemfundisha zamani, mchomaji wa makala, alisimama mbele ya wazee: «Vinkubala ni majuma tatu. Makala ni mwaka muzima. Miezi ingine tule nini?» Watu walinyamaza. Hata mimi sikuwa na jibu, na naona swali lake lilikuwa la haki kuliko hotuba zetu zote. Wazee walibishana mpaka jioni. Mwishoni walikubaliana: ngambo ya mto hakuna shoka, upande wa barabara achome, ila mutondo na watoto wake aache.

Mwaka uliopita alikuja na bibi yake, wakajaza ndoo tatu, wakalipa karo ya mtoto wa kwanza. Makala anachoma bado.