Mgeni Tuliyemfunga Kamba

Mmetuuliza mara nyingi, baada ya mafundisho ya Jumamosi, paka yule mwenye miguu mirefu aliyekuwa akikaa juu ya ukuta wa nyumba yetu amekwenda wapi. Tumekuwa tukiwajibu kwa kifupi kwamba amehama. Leo tunawapa jibu kamili, kwa sababu ndani ya habari za paka huyo kuna kosa letu, na kosa la mwalimu likifichwa halimfundishi mtu yeyote.

Alifika kwetu Katuba mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, ndani ya gunia lililofungwa juu ya baiskeli ya muuza makala. Mtu huyo hutoka upande wa barabara ya Kasenga, ambako miti ya miombo hukatwa na kuchomwa ili sisi wa mjini tupate kupika bukari. Alituambia kwamba mama wa kitoto hicho ni paka wa nyumbani kwake, alindaye ghala ya mahindi. Baba yake ni paka-mwitu, yule ambaye Kiswahili cha vitabu humwita kimburu, aliyeonekana mara kadhaa jioni pembeni mwa shamba. Watoto walizaliwa wanne. Watatu walifanana na mama. Huyu mmoja alifanana na yule wa porini. Tulimnunua kwa bei ya gunia moja la makala, tukamwita Mgeni.

Alikuwa mzuri wa kutazamwa. Rangi yake ilikuwa ya majani makavu, yenye michirizi hafifu ubavuni; mkia ulizungukwa na pete nyeusi hadi nchani, na nyuma ya masikio palikuwa na wekundu kama wa udongo wetu. Alipoketi, miguu ya mbele ilimnyanyua wima kama sanamu za paka wa Misri tunazoziona vitabuni. Watu walisimama njiani kumtazama. Tukasema kwamba tunampenda. Baadaye tulielewa kwamba tulichopenda ni kusifiwa kwa ajili yake.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Panya walitoweka lupangoni, na majirani wakashukuru. Lakini kadiri alivyokua, ndivyo alivyozidi kuwa na desturi zake mwenyewe. Hakukubali kubebwa. Mchana alilala juu ya kabati, usiku alitembea juu ya mabati ya nyumba zote nne. Alinyunyiza mkojo wake kwenye rafu ya madaftari yetu, tukampiga, akarudia palepale. Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumkaribia: mpwa wetu mwenye umri wa miaka 9, aliyekuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mama yake, dada yetu. Mtoto huyo hakumshika. Alikaa chini, akaweka ndagala mbili juu ya jani, akangoja. Sisi tulicheka uvumilivu huo.

Mwezi wa Desemba vifaranga vitatu vya jirani viliuawa. Tulilipa, kisha tukamfunga Mgeni kwa kamba kwenye mwembe. Paka wa nyumbani akifungwa hulia. Huyu hakulia. Alizunguka shina mpaka kamba ikaisha, kisha akageuka na kuzunguka upande wa pili. Mtoto alituomba tumfungue. Tukamjibu kwamba atazoea.

Jumapili moja ya Januari tulipokea wageni baada ya Misa. Mmoja alitaka kumwona paka wa porini aliyesifiwa, nasi tukamwagiza mtoto amlete. Akasema, "Mjomba, leo hataki." Tukamwambia, "Mlete." Alimleta mikononi, mwili wa paka ukiwa umekazana kama mti, katikati ya vicheko na sauti kubwa. Meno yaliingia mkononi mwa mtoto mara mbili. Tulimwagia maji kidogo kutoka kikombeni, tukafunga kitambaa, tukarudi kwa wageni.

Kesho yake asubuhi, kwenye kituo cha afya, muuguzi alituuliza swali moja: "Paka amechanjwa?" Hakuwa amechanjwa. Ndipo tulipofundishwa sisi tuliozoea kufundisha. Jeraha la meno ya mnyama huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, muda wa dakika 15, kwa sababu virusi vya kichaa cha mbwa hupita katika mate. Ugonjwa huo hukaa mwilini kimya kwa majuma, mara nyingi kwa miezi. Lakini dalili zikishatokea, karibu wote huaga dunia. Chanjo ikitolewa mapema, huokoa. Tunaowafundisha watoto juu ya Louis Pasteur tulikuwa tumesahau kwamba mgonjwa wake wa kwanza kwa chanjo hiyo, Julai 1885, alikuwa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9. Tulitafuta chanjo kutwa nzima, tukaipata jioni kwa fedha za kukopa. Sindano ya kwanza ilichomwa siku hiyo, nyingine siku ya 3, ya 7 na ya 14.

Sasa tunafika kwenye jambo lililo zito kuliko jeraha. Katika mtaa wetu maneno yalianza kutembea. Paka alalaye mchana na kutembea usiku, nusu wa nyumba na nusu wa pori. Mtoto yatima aamkaye usiku na kusema naye. Na sasa alama za meno mkononi mwake. Kwa watu wengi hesabu hiyo ilikuwa imekamilika. Jirani mmoja alisema aliona macho mawili yakiwaka juu ya mabati, na mtoto amesimama chini yake. Wenzake wakakatazwa kucheza naye. Mtu mmoja alikuja na kutushauri, kwa sauti ya upole, tumpeleke mtoto akaombewe na kufungishwa siku kadhaa bila chakula, mpaka aseme ni nani aliyempa uchawi.

Tunawaungamia neno ambalo hatukuliungama kwa wepesi. Usiku wa sindano ya pili mtoto alipata homa kidogo, akasema maneno usingizini. Nasi tukamtazama kwa jicho lingine. Sisi tuliosomea ualimu, tunaofundisha katekisimu kwa miaka zaidi ya 20, tulisimama mlangoni na taa mkononi tukijiuliza kama watu wana haki. Mama wa nyumba alitukuta hapo. Alisema maneno machache tu: "Mwalimu, mtoto alisema paka hataki. Ni nani hakumsikia?"

Asubuhi tulimtafuta daktari wa wanyama. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo kinachowafundisha madaktari hao, na wapo mjini. Hatukuwa tumewahi kumwuliza hata mmoja wao. Yeye hakucheka. Alituonyesha miguu, mkia na wekundu wa masikio, akasema dalili hizo zinaelekea upande wa kimburu, ingawa ni uchunguzi wa maabara tu uwezao kuthibitisha. Alitushauri kumtenga na kumwangalia siku 10, bila kusimamisha sindano za mtoto, kwa maana kipindi hicho kimepimwa kwa mbwa na paka wa nyumbani, na huyu si wa nyumbani peke yake.

Katika siku hizo 10 tulijifunza yale ambayo tungepaswa kuyajua kabla ya kufungua gunia. Paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka-mwitu wa jamii hiyo, ambayo wataalamu huiita Felis lybica. Mwaka 2007 Carlos Driscoll na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa chembe za urithi za paka karibu 1,000, ukaonyesha kwamba chanzo chao ni paka-mwitu wa Mashariki ya Kati. Katika kisiwa cha Saiprasi lilipatikana kaburi la miaka ipatayo 9,500, mtu na paka wamezikwa karibu karibu. Inadhaniwa kwamba hakuna aliyewafunga paka wa kwanza kamba. Walifuata panya waliofuata nafaka, na wale waliostahimili watu wakabaki, kizazi baada ya kizazi. Sisi tulitaka safari hiyo ya maelfu ya miaka imalizike chini ya mwembe wetu kwa miezi mitatu.

Tulijifunza pia kwamba tamaa yetu si ya Katuba peke yake. Huko Pennsylvania, Marekani, mwaka 1986, katika makao ya mfugaji Judee Frank, paka wa nyumbani alizaa na mondo, yule paka mrefu mwenye madoa apatikanaye pia katika nyika zetu za Katanga. Uzao huo ukawa mwanzo wa aina iitwayo Savannah, inayouzwa kwa fedha nyingi. Australia ilikataza kuingizwa kwa paka hao mwaka 2008, kwa kuhofia wanyama wake wa porini. Kwao machotara hutengenezwa kwa makusudi. Kwetu hutokea pembeni mwa shamba pasipo mtu kukusudia: tunakata msitu, tunasogeza nyumba, na paka wetu wanasogea pamoja nasi. Paka-mwitu hatari yake kubwa ni hiyo, kuliko mtego na bunduki. Damu yake inayeyuka polepole ndani ya damu ya paka wetu, hata siku moja tutaendelea kuona paka porini bila kuwa na kimburu tena.

Kuhusu macho yanayowaka usiku, jibu ni jepesi: nyuma ya jicho la paka kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, ili aone gizani. Kuhusu sauti za usiku, dume hulia akitafuta jike. Kuhusu mtoto kusimama nje gizani, alikuwa akipeleka ndagala, kwa sababu mchana tulimkataza.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba lupangoni, kisha katika jumuiya yetu ya msingi, tukayasema hayo yote. Tulianza na lile gumu: kwamba mtoto alitukataza kumleta paka, nasi tukamlazimisha. Tukakumbusha kwamba Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto kuwa mchawi, na kwamba sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inaweka adhabu kwa afanyaye hivyo. Hatutasema kwamba wote walisadiki. Yupo mama mmoja ambaye hata leo humwita mwanawe ndani mpwa wetu anapopita. Lakini wengine waliwarudisha watoto wao mchezoni, na yule mshauri hakuja tena.

Siku ya 10 Mgeni alikuwa mzima. Tungemfanyaje? Wengine walisema auawe. Wengine walisema arudishwe porini. Lakini daktari alituonya kwamba hapo angezaa na paka-mwitu, na kosa letu lingeongezeka huko bila sisi kuliona. Tulikubali ahasiwe na kuchanjwa, kisha tukampeleka nje ya mji, kwa ndugu yetu mmoja mwenye ghala ya mahindi. Anakaa humo bila kamba. Hakuna ambembelezaye, hakuna amwonyeshaye kwa wageni. Mtoto ndiye aliyemfungua. Alifungua fundo, akarudi nyuma hatua tatu, akakaa chini, akangoja kama alivyozoea. Mgeni alinusa magunia, akapanda juu, akageuza masikio kuelekea kelele ya panya.

Vijana wapendwa, mkiletewa kitoto cha kimburu au cha mondo, hata kiwe kizuri namna gani, msikinunue; kila kinachonunuliwa huleta kingine ndani ya gunia. Ipo pia sheria ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile, nayo haikuandikwa kwa ajili ya mbuga za Upemba na Kundelungu peke yake. Paka na mbwa mlio nao wachanjeni. Mkiumwa, sabuni na maji kwanza, kisha kituo cha afya siku hiyohiyo.

Lakini hayo mngeweza kuambiwa na muuguzi. Tunalotaka mlizungumze katika vikundi vyenu ni hili jingine. Wakubwa tulikosea kwa kutokujua, na malipo yakawaangukia wadogo: paka akafungwa, mtoto akaumwa, kisha mtoto huyohuyo akashtakiwa. Na yeye ndiye pekee aliyekuwa amemtazama mnyama huyo vya kutosha hata akamjua. Katika nyumba yenu, katika shule yenu, katika kikundi chenu, ni nani anayesema "leo hataki", na hasikilizwi?