Daka, Tekani na Pahali pa Picha Arusini

Msafiri anayevuka kutoka Mokowe kwa boti huuona mji wa Lamu umejipanga ufukweni, wazi mbele ya macho yake. Akishuka na kuingia vichochoroni, mji ule ule hujifunga. Njia ni nyembamba kiasi cha punda mmoja mwenye mzigo kumlazimisha mpita njia ajibanze ukutani, na nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa humpa mgongo. Tangu UNESCO ilipouingiza mji huu katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, wageni wengi wamekuja kupiga picha milango yake ya nakshi. Sisi tulikwenda kutazama kilichoko nyuma ya milango hiyo, kwa kuwa tulikuwa na suala lililotutatiza: arusini kwetu, mgeni apigwe picha wapi?

Suala hili si dogo. Siku bibi arusi anapotolewa nje, wanawake huvua mabuibui yao wakakaa wao kwa wao, na nywele zao na dhahabu zao. Zamani pazia lilitosha. Leo kila mkoba una simu. Tunamjua mama mmoja aliyeinama kuweka sahani tu, akanaswa nyuma ya picha ya jirani yake. Kabla ya alfajiri picha ile ilikuwa imefika katika simu za wanaume asiowajua. Tangu hapo haendi arusini, hata za wapwa zake. Picha moja imemtenga na jamaa zake.

Wajenzi wa Lamu hawakuijua kamera, lakini jicho la mgeni walilijua. Mbele ya mlango waliweka daka, lenye baraza za mawe pande mbili, ambapo mgeni hupokewa kabla ya kuingia. Ukivuka mlango, wafika tekani, na hapo njia hupinda. Mlango ukiachwa wazi, mpita njia haoni ila ukuta. Kisha huja kiwanda, kilicho wazi juu na chenye mwangaza, halafu misana mirefu na myembamba, ambayo upana wake umefungwa na urefu wa boriti za mikoko. Mwisho ni ndani, penye zidaka ukutani. Kila hatua ina watu wake.

Mpangilio huo unaweza kufuatwa katika ukumbi wowote wa kukodi, Mombasa au Malindi. Pahali pa picha za wageni pawe karibu na mlango, kabla ya kufika penye mkusanyiko. Mgeni apigwe akiwa bado na buibui lake, kisha simu yake itiwe katika kikapu, apewe nambari, na mama mtu mzima akae hapo kuzilinda. Kutoka hapo mapazia mawili yatundikwe kwa kupishana, ili njia ipinde kama tekani.

Nyuma ya anayepigwa pawe ukuta mtupu au leso zilizotandazwa juu ya kamba, pasiwe na dirisha wala kioo, maana kioo humwonyesha hata aliyekaa nyuma ya mpiga picha. Mwangaza utoke mbele au ubavuni, kwani taa ya juu ya kichwa hutia giza machoni. Ziachwe hatua nne baina ya kamera na wapigwa, na njia ya wabeba sinia isikatwe. Wazee wawekewe kiti, na mkeka usiwe na mkunjo wa kumkwaza mtu.

Picha za bibi arusi na jamaa zake zipigwe chumba cha ndani, na mwanamke mmoja aliyepewa kazi hiyo. Kabla hajaondoka, kadi ya kamera aikabidhi kwa mama wa bibi arusi.

Mabinti zetu husema kikapu cha simu ni kuwaonea, kwani nao wataka ukumbusho. Wana haki. Ndiyo maana hatukusema picha ziondolewe. Makatazo matupu huzaa picha za siri, na aliyepata pahali pazuri pa kupigwa hana haja ya kuiba nyingine mezani.

Surat An-Nur imetufunza kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba zisizo zetu. Sisi twaona kwamba picha nayo ni namna ya kuingia. Basi mwenye kuandaa ukumbi asimame mlangoni kabla ya wageni kufika, atazame ndani. Akiona pazia, na afungue mlango. Akiona viti vya wanawake, asogeze pazia kwanza.

Wabillahi tawfiq.