Usingoje Kupambazuke Ndipo Uvuke

Je, msomaji mpendwa, umewahi kumwomba Mungu akuondolee jambo ambalo hata hujathubutu kulitazama? Mimi nimewahi.

Miaka miwili iliyopita niligusa uvimbe mdogo katika titi langu la kushoto. Sikumwambia mume wangu wala daktari. Kwa miezi minne nilifunga na kukesha nikiomba. Kanisani walinisifu kwa imani yangu. Hawakujua kwamba nilijificha nyuma ya maombi hayo kama mtoto ajifichavyo nyuma ya leso ya mamake.

Nilipokwenda kwetu Maua kwa likizo, nyanya alinitazama mara moja tu akajua kuna neno. Jioni hiyo ukungu ulikuwa ukiteremka kutoka vilima vya Nyambene, na magari ya miraa yakikimbilia Nairobi. Tulipokuwa tukiambua maharagwe jikoni, nikamweleza yote. Hakulia. Alianza kunisimulia habari za Mbwaa.

Kama wewe ni Mmeru, unazijua. Wazee husema babu zetu waliishi Mbwaa, kisiwa cha pwani ambacho baadhi ya wanahistoria hukiweka upande wa Manda, karibu na Lamu. Huko walitumikishwa na Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, waliowapa kazi zisizowezekana, kama vile kutengeneza kiatu chenye manyoya juu na chini. Mwishowe wakatoroka, Koomenjoe akiwaongoza. Maji yakagawanyika. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri Ntune, wekundu. Waliovuka jua limechomoza Njeru, weupe.

Nyanya ni Mmethodisti tangu utotoni. Husema kwamba wamisionari walipoleta habari za Musa na Bahari ya Shamu, wazee hawakushangaa sana.

"Wote walifika," akaniambia, "lakini wale wa kwanza hawakuona walipokanyaga. Wewe, mjukuu wangu, unataka Mungu akuwashie taa kwanza."

Maneno hayo yalinichoma. Nikamkumbuka Ibrahimu. Katika Waebrania 11 anasifiwa kwa kuwa aliitwa akatoka, ingawa hakujua aendako. Imani yake ilikuwa na miguu. Yangu ilikuwa na magoti tu.

Kesho yake tulikwenda hospitalini pamoja, nyanya akiwa amevaa sare yake ya akina mama wa kanisa. Siku chache baadaye majibu yalitoka: kansa, lakini bado changa. Usiku huo ndipo nilipomwambia mume wangu. Nilipasuliwa, nikapewa dawa za kuning'inizwa mshipani, nywele zikanyonyoka zote. Leo zimeota tena. Kila baada ya miezi sita narudi kupimwa, na kila mara tumbo hunisokota. Sijui majibu yajayo yatasemaje. Hata hivyo, naenda.

Msomaji, pengine lako si uvimbe. Pengine ni barua ya benki uliyoificha kabatini, au neno ambalo huthubutu kumwuliza mwanao. Na wewe dada, jipapase matiti kila mwezi. Ukigusa kitu usichokijua, mwone daktari wiki hiyo hiyo.

Usiache kuomba. Lakini omba ukiwa njiani.